Kubadili tanga safarini: namna pip ilivyopata kisuluhishi kipya

Siku ya Jumatatu, tarehe 30 Novemba mwaka 2020, kundi dogo la wataalamu wa kompyuta, waliotawanyika katika nchi mbalimbali, lilitoa toleo jipya la programu iitwayo pip. Hapakuwa na sherehe wala mkutano na waandishi wa habari. Hata hivyo mabadiliko yaliyokuwa ndani ya toleo hilo, lililopewa namba 20.3, yaligusa kazi za watu katika mabenki, maabara, vyuo vikuu na ofisi za serikali karibu kila mahali intaneti inapofika.

Kwa miaka mingi pip ilikuwa mtumishi aitikiaye "ndiyo" kwa kila anachoagizwa. Kuanzia siku hiyo ikaanza kukataa baadhi ya maagizo. Amri iliyopita bila tatizo siku ya Jumapili iliweza kugonga mwamba siku ya Jumatatu, na aliyeitoa hakuwa amebadili hata herufi moja.

Hapo ndipo lilipokuwa swali gumu kwa watunzaji wa programu hiyo. Utawaambiaje watu wengi usiowajua, usiokuwa na anwani zao, na ambao hawakulipi chochote, kwamba chombo wanachokitegemea kitabadili tabia, nao wasikikimbie?

Chombo chenyewe

Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Ni programu huria, maana yake yeyote anaweza kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuigawa bila kumlipa mtu.

Nguvu ya lugha hiyo haimo katika lugha peke yake. Imo katika hazina ya kazi zilizokwisha kufanywa na wengine. Anayetaka kuchora grafu, kusoma picha za hospitali au kupiga hesabu za hali ya hewa hana haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Huchukua kazi ya mwenzake, iliyofungwa pamoja kama kifurushi, akajengea juu yake.

Vifurushi hivyo huhifadhiwa katika ghala moja kuu kwenye intaneti lijulikanalo kama PyPI, lililofunguliwa mwaka 2003. Kufikia mwaka 2020 ghala hilo lilikuwa na miradi zaidi ya 200,000. Programu ya pip, iliyoandikwa na Ian Bicking mwaka 2008, ndiye mchukuzi anayekwenda ghalani, akaleta kifurushi kilichoagizwa na kukiweka mahali pake ndani ya kompyuta. Tangu toleo la Python 3.4, lililotoka mwaka 2014, mchukuzi huyo huja pamoja na lugha yenyewe.

Shida ni kwamba kifurushi hakiji peke yake. Karibu kila kimoja hutegemea vingine, na hivyo navyo hutegemea vingine tena. Kila mtunzi hueleza masharti yake: "Nahitaji kifurushi fulani, lakini kisiwe cha zamani kuliko toleo la 2," au, "Nakihitaji kile, ila toleo la 4 bado siliwezi." Kumbe katika mazingira mamoja ya kazi Python hukubali toleo moja tu la kila kifurushi. Haiwezekani matoleo mawili ya kifurushi kile kile yakae pamoja kama wake wenza wenye nyumba tofauti.

Harusi moja, siku moja

Ili kulielewa tatizo hilo, achukuliwe mratibu wa harusi anayetafuta siku ya shughuli. Harusi ni moja, na siku lazima iwe moja.

Mratibu anaanza kwa mpishi. Mpishi anasema yuko tayari siku yoyote kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Mratibu, kwa kuwa amezoea kuchagua siku ya mwisho inayokubalika, anaandika Jumapili. Kisha anakwenda kwa kikundi cha taarabu. Wao wanasema wanaweza kupiga Ijumaa au Jumamosi, lakini Jumapili watakuwa safarini.

Mratibu mwenye busara angerudi nyuma, akafuta Jumapili na kuandika Jumamosi, siku ambayo wote wawili wanaiweza. Mratibu wa namna ya pip ya zamani hakufanya hivyo. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kuandikwa. Alichapisha kadi zenye Jumapili, akawaalika watu, na siku ilipofika ukumbi ulijaa wageni huku jukwaa likiwa tupu.

Hivyo ndivyo pip ilivyokuwa ikifanya kazi kabla ya mwaka 2020. Sharti la kwanza kukutana nalo ndilo lililoshinda. Masharti yaliyokuja baadaye yaliachwa, hata kama yalipingana na la kwanza. Katika miaka ya baadaye iliongezwa tahadhari iliyotokea mwishoni, baada ya kazi kumalizika, lakini vifurushi visivyopatana vilikuwa vimekwisha kuwekwa ndani ya kompyuta. Isitoshe, matokeo yaliweza kutegemea mpangilio wa maagizo. Kama mratibu angeanza na watu wa taarabu na kumaliza na mpishi, angepata Jumamosi na harusi ingefana.

Kwa mtumiaji, kasoro ya namna hiyo huwa ngumu kuitambua, kwa kuwa haijitokezi pale ilipoanzia. Kazi ya kuweka vifurushi humalizika kwa amani. Programu huanza vizuri. Kisha siku moja, katika sehemu isiyotumika mara kwa mara, husimama ghafla, au huleta jibu ambalo si lile lililotarajiwa. Anayetafuta chanzo hukagua kazi yake mwenyewe mstari kwa mstari, kumbe kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma, wakati mchukuzi alipoleta mizigo isiyopatana akanyamaza.

Kwa nini haikurekebishwa mapema?

Tatizo hilo halikuwa siri. Ombi la kuitaka pip iwe na kisuluhishi cha kweli, yaani sehemu inayoyapima masharti yote kwa pamoja kabla ya kuamua, lilisajiliwa mwaka 2013 na kupewa namba 988. Lugha nyingine kama Ruby na PHP tayari zilikuwa na visuluhishi vyao. Ombi la pip lilikaa wazi kwa zaidi ya miaka 7.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Wataalamu wa nadharia ya kompyuta wameonyesha kwamba kutafuta mchanganyiko wa matoleo yanayopatana ni tatizo ambalo, katika sura yake mbaya kabisa, halina njia ya mkato inayojulikana. Vikiwapo vifurushi 10, na kila kimoja kina matoleo 10, michanganyiko inayowezekana ni bilioni 10. Kompyuta ikikagua michanganyiko 1,000 kila sekunde, itahitaji karibu miezi 4 kuimaliza. Kisuluhishi kizuri hutumia hila za kuruka njia zisizofaa, na mara nyingi hufaulu upesi, lakini hakuna awezaye kuahidi kwamba kitafaulu upesi kila mara.

Sababu ya pili ni desturi za Python yenyewe. Kwa muda mrefu, vifurushi vingi havikuwa na orodha ya wazi ya masharti yake. Ili kujua kifurushi kinategemea nini, ilibidi kukipakua, kukifungua, na wakati mwingine kuendesha programu iliyomo ndani. Ni kama mratibu wa harusi ambaye hawezi kumpigia simu mpishi, ila lazima afunge safari hadi nyumbani kwake ili aulize siku tu. Akibadili mawazo na kutafuta mpishi mwingine, safari inaanza upya.

Sababu ya tatu ilikuwa nguvukazi. Programu inayotumiwa dunia nzima ilitunzwa na watu wachache wa kujitolea, waliofanya kazi hiyo usiku na siku za mapumziko. Mwaka 2017 Pradyun Gedam, aliyekuwa akishiriki katika mpango wa Google wa kuwawezesha wanafunzi kuchangia programu huria wakati wa likizo, aliianza kazi ya kisuluhishi na kuisogeza mbele. Lakini ilidhihirika kwamba mzigo huo ulipita uwezo wa mtu mmoja na likizo moja. Sehemu za ndani za pip zilikuwa zimesukana kama nywele, na ilibidi zifumuliwe kwanza.

Fedha zapatikana

Mwishoni mwa mwaka 2019 hali ilibadilika. Wakfu wa Python, shirika lisilo la faida lenye makao yake Marekani, ulitangaza kupata dola 407,000 za Marekani kwa ajili ya kazi ya pip. Kati ya fedha hizo, dola 207,000 zilitoka kwa Mozilla, kupitia mfuko wake wa kusaidia programu huria, na dola 200,000 zilitoka kwa taasisi ya Chan Zuckerberg Initiative, iliyoanzishwa na Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan, ambayo ilikuwa ikifadhili programu huria zinazotumika katika sayansi.

Namna fedha hizo zilivyogawanywa ina mafunzo. Haikuwa fedha ya kuwalipa waandishi wa programu peke yao. Waliajiriwa pia wasimamizi wa mradi, na wataalamu wa kuchunguza jinsi watu wanavyotumia vyombo vya kompyuta. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo ilikubaliwa kwamba kuandika kisuluhishi ni nusu ya kazi, na kukifikisha kwa watu ni nusu ya pili.

Moyo wa kisuluhishi chenyewe ulikuwa maktaba ndogo iitwayo resolvelib, iliyotokana na kazi ya Tzu-ping Chung. Njia yake inafanana na ile ya mratibu mwenye busara: huchagua siku, huuliza anayefuata, na ikigundua mgongano hurudi nyuma hatua moja au zaidi na kujaribu siku nyingine. Ikiwa njia zote zimefungwa, husimama na kusema haiwezekani, kabla ya kadi kuchapishwa.

Kumbukumbu ya jeraha la zamani

Mpango wa kukitoa kisuluhishi ulifanywa wakati jamii ya Python ikiwa imetoka tu katika safari ndefu na yenye uchovu. Toleo la Python 3 lilitoka Desemba mwaka 2008, likiwa na mabadiliko yaliyozifanya programu nyingi za Python 2 zisifanye kazi bila kurekebishwa. Watu wengi walikataa kuhama. Ilichukua hadi tarehe 1 Januari mwaka 2020 kwa matunzo rasmi ya Python 2 kukoma. Kwa zaidi ya miaka 11, waandishi wengi wa vifurushi walilazimika kuzitumikia lugha mbili kwa wakati mmoja.

Hofu ya jambo kama hilo kujirudia ilikuwa na msingi. Ikiwa pip mpya ingewaudhi watu kwa ghafla, wengi wangejifungia katika toleo la zamani na kukataa kusonga mbele. Programu isiyosasishwa hukosa pia marekebisho ya usalama. Hivyo nia njema ya kuziba tundu moja ingeweza kufungua jingine kubwa zaidi.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Pip haina utaratibu wa kuwapelekea watunzaji wake taarifa kwamba amri ya fulani imeshindwa huko aliko. Watunzaji hawakuweza kukaa ofisini na kutazama kwenye kioo ni nani ataumia. Waliopaswa kuonywa hawakuonekana, na wengi wao hawakujua hata kwamba wanatumia pip, kwa sababu ilikuwa ikiendeshwa na mitambo inayojenga na kujaribu programu usiku kucha bila mkono wa mtu.

Hatua baada ya hatua

Kwa hiyo mabadiliko yaligawanywa katika awamu, na kila awamu ilikuwa na watu wake.

Awamu ya kwanza ilikuja Aprili mwaka 2020, katika toleo la 20.1. Kisuluhishi kipya kilikuwamo ndani, lakini kimefichwa. Aliyetaka kukiona alipaswa kukiita kwa maneno maalumu yaliyotamka wazi kwamba jambo hili halijatulia. Hicho kilikuwa chakula cha kuonjwa na wapishi wenyewe.

Awamu ya pili ilikuwa toleo la 20.2, lililotolewa tarehe 29 Julai. Hapo kisuluhishi kilikuwa katika hali ya majaribio ya wazi. Bado mtumiaji alipaswa kukichagua kwa hiari, lakini sasa aliombwa akichague. Maelezo yalitolewa ya namna ya kujiandaa: kwanza, kuendesha amri ya ukaguzi iliyomo ndani ya pip ili kuona kama vifurushi vilivyopo tayari vinagombana; pili, kurekebisha ugomvi huo; tatu, kujaribu kisuluhishi kipya katika mazingira ya pembeni; na nne, kuripoti kila jambo lililokwenda kombo.

Wakati huo huo, wachunguzi walizungumza na watumiaji na kuwapa madodoso. Waliulizwa wangependa pip ifanye nini vifurushi viwili vinapogombana: ikatae, iendelee kwa kutoa tahadhari, au iulize? Pia ilitengenezwa video fupi ya maelezo, na tangazo likasambazwa kupitia mikutano, majarida na mazungumzo ya wataalamu. Lengo lilikuwa kwamba ikifika siku yenyewe, asiwepo wa kusema hakusikia.

Zao moja la uchunguzi huo lilikuwa lugha ya makosa. Mtu anayekataliwa hutaka kujua sababu. Ujumbe usemao "haiwezekani" na kuishia hapo humwacha gizani. Kisuluhishi kipya kilipewa maneno ya kutaja pande zote za ugomvi: kifurushi hiki kinataka toleo lile, na kile kinataka jingine, kisha kupendekeza cha kufanya, kwa mfano kulegeza masharti. Mratibu wa harusi hasemi tu kwamba hakuna siku. Anaeleza kwamba mpambaji anataka Jumapili peke yake, na watu wa taarabu hawawezi Jumapili, basi familia iamue nani abadilishwe.

Awamu ya tatu ilipangwa iwe Oktoba. Tarehe hiyo ilisogezwa mbele, na toleo la 20.3 likatoka tarehe 30 Novemba. Sasa kisuluhishi kipya kilifanya kazi bila kuombwa. Waliobaki na Python 2 waliachiwa kile cha zamani kama kilivyokuwa. Na kwa wengine wote uliwekwa mlango wa dharura: maneno machache ya kuongeza kwenye amri, ambayo yalimrudishia mtumiaji kisuluhishi cha zamani wakati akitengeneza mambo yake.

Baada ya siku yenyewe

Mambo hayakwenda bila misukosuko. Tarehe 3 Desemba, siku tatu tu baadaye, lilitolewa toleo la 20.3.1. Miongoni mwa yaliyorekebishwa lilikuwamo jambo dogo lenye maana kubwa. Katika toleo la 20.3 kulikuwa kumeondolewa chaguo moja la zamani ambalo watunzaji waliliona halina kazi tena. Kumbe programu nyingine zilikuwa bado zikilitaja kila zinapoiita pip, na zikakwama. Chaguo hilo likarudishwa, lakini likiwa tupu: ukilitaja halifanyi lolote, ila pia halimzuii mtu. Mara nyingine kulainisha safari ni kuacha ngazi ya zamani mahali pake hata kama haipandi popote.

Lalamiko kubwa zaidi lilihusu muda. Kisuluhishi cha zamani kilikuwa chepesi kwa sababu hakikufikiri. Kipya kilipokutana na masharti yaliyotatanishwa kilianza kurudi nyuma, na kila hatua ya kurudi ilimaanisha kupakua toleo jingine la kifurushi ili kusoma masharti yake. Baadhi ya watu waliona kazi ya dakika chache ikigeuka ya saa nzima au zaidi, huku majina ya matoleo yakipita kwenye kioo moja baada ya jingine.

Gharama hiyo haikuwa sawa kwa wote. Katika ofisi yenye mkongo wa kasi mjini London au Dubai, kupakua matoleo 20 ya kifurushi kimoja ni kero tu. Kwa mwanafunzi wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura anayelipia intaneti kwa megabaiti kupitia simu, ni fedha inayotoka mfukoni. Anaweza kuona salio likiisha kabla kifurushi alichokitaka hakijawekwa. Usahihi una bei yake, na mara nyingi bei hiyo huwaelemea zaidi wenye kipato kidogo.

Watunzaji walilijua hilo kwa sehemu, na kisuluhishi kilipewa maneno ya kumweleza mtumiaji kwamba kinatafuta toleo linalofaa na huenda kikachukua muda, pamoja na ushauri wa kuyabana masharti ili njia za kutafuta zipungue. Katika miaka iliyofuata, njia ya utafutaji iliboreshwa hatua kwa hatua. Kisha mwaka 2023 ghala la PyPI lilianza kutoa masharti ya vifurushi vilivyokwisha kutayarishwa katika faili ndogo ya pembeni, hivyo kupunguza haja ya kupakua kifurushi kizima ili kujua kinategemea nini. Hatimaye mratibu wa harusi alipata simu.

Upo pia upungufu ambao haukuondolewa. Kisuluhishi huyapima masharti ya vitu vilivyoagizwa katika amri moja. Vile vilivyowekwa ndani ya kompyuta siku za nyuma, na visivyohusika na agizo la leo, havihesabiwi vyote. Kwa hiyo bado inawezekana agizo jipya kuvuruga kazi ya zamani, ingawa pip hutoa taarifa jambo hilo linapotokea. Ndiyo maana wataalamu huendelea kushauri kila mradi uwe na mazingira yake ya peke yake, kama vile kila shughuli kuwa na ukumbi wake.

Kuhusu kile kisuluhishi cha zamani, mpango wa awali ulikuwa kukiondoa kabisa mapema mwaka 2021. Toleo la 21.0, lililotolewa Januari mwaka huo, liliacha kuihudumia Python 2 kama ilivyotangazwa. Lakini mlango wa dharura uliachwa wazi kwa miaka zaidi. Ratiba ilikuwapo, ila haikupewa nguvu ya kuwazidi watu waliokuwa bado njiani.

Njia iliyofuatwa na wengine

Mtindo wa kupeleka mabadiliko kwa awamu haukuwa wa pip peke yake. Conda, chombo kingine cha kuwekea programu kinachopendwa sana na wanasayansi, kilikuwa na tatizo la kinyume: kisuluhishi chake kilikuwa makini tangu zamani, lakini kilisifika kwa uzito. Mwaka 2022 watunzaji wake walileta kisuluhishi cha kasi zaidi kiitwacho libmamba kwa majaribio ya hiari. Mwaka 2023, katika toleo la 23.10, kikawa ndicho kinachotumika bila kuombwa, na wale waliotaka cha zamani wakaachiwa namna ya kukichagua.

Ukiziweka safari hizo mbili pamoja, zinafanana: kwanza kificho, kisha hiari, kisha kawaida, na nyuma yake mlango wa kurudia ambao haufungwi kwa haraka. Zinafanana pia katika kukubali kwamba anayebadili tabia ya chombo ndiye mwenye wajibu wa kueleza, hata pale anapoamini kwamba tabia ya zamani ilikuwa kosa.

Nani hulipia daraja?

Limebaki swali la fedha. Dola 407,000 ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini ni kidogo zikilinganishwa na thamani ya kazi zinazopitia katika pip kila siku. Makampuni makubwa kwa madogo yaliitumia kwa miaka mingi bila kuchangia, na ombi namba 988 likasubiri. Ilipopatikana fedha ya kuwalipa watu kwa muda wa kutosha, kisuluhishi kikawa mikononi mwa watumiaji kabla mwaka 2020 haujaisha, na hiyo ni katika mwaka ambao ugonjwa wa Covid-19 uliwafungia watu wengi majumbani.

Lakini ufadhili wa mradi una mwisho, na utunzaji hauna. Baada ya mikataba kumalizika, malalamiko kuhusu muda wa kutafuta, kasoro mpya na maombi mapya yaliendelea kuwasili, na waliokuwapo kuyapokea walikuwa tena wengi wao ni watu wa kujitolea. Ghala la PyPI nalo limekua na kupita miradi 500,000. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa pip ulizibwa mwaka 2020 kwa uangalifu na kwa kuwasikiliza wanaoishi ndani ya nyumba. Kuta nyingine zinazoubeba ulimwengu wa programu huria bado zinamsubiri mtu mwenye muda, na mwenye wa kumlipa.